Ndege wa manjano wa Mtongwe: mmoja mwaka mzima, au watatu kwa zamu?

Mzee mmoja wa Mtongwe, upande wa Likoni, Mombasa, ana kiwanja chenye miembe ya zamani, mkuyu mkubwa uliopita paa la nyumba, na mforsadi ulioota karibu na kisima. Kwa miaka yote aliyokaa hapo, anasema, miti hiyo ina ndege wa manjano mwenye mdomo mwekundu na mlio wa mluzi mzito, na ndege huyo hajapata kuhama. "Nyuni huyu yuwapo mwaka mzima. Ukimkosa leo, kesho yuwaja." Mjukuu wake, kijana anayejifunza kazi ya kuongoza watalii, anashikilia kinyume: huyo ni kubwiro wa Ulaya, huja huku kukimbia baridi na hurudi kwao baridi ikiisha. Ubishi ulikuwa umeshazoeleka barazani, kahawa ikipita, mpaka siku babu alipotoa swali lililomnyamazisha kijana: "Mimi namuona mwezi wa saba. Kwani huko Ulaya mwezi wa saba si ndio joto lenyewe? Yuwakimbia nini?"

Hapo ndipo nilipoitwa niangalie picha zao.

Swali la babu ni zuri kuliko maelezo mengi ambayo watalii huuziwa, kwa sababu linaanzia kwenye kalenda. Kubwiro wa Ulaya hutaga huko kaskazini kuanzia Mei, na mpaka Julai wengi bado wana makinda kiotani au makinda yaliyotoka kiotani juzi. Ndege mzima wa manjano anayekula forsadi za Mtongwe mwezi huo hana nafasi katika hadithi ya mjukuu. Ila swali likishamshinda mjukuu halimpi babu ushindi moja kwa moja. Kumuona ndege wa manjano Januari, Aprili, Julai na Novemba ni jambo moja. Kusema ni yule yule ni jambo jingine, na hilo la pili halijawahi kushuhudiwa na mtu, limedhaniwa tu.

Picha na tarehe zake

Kijana alikuwa na picha za zaidi ya mwaka mmoja, nyingine za simu, nyingine za kamera ya mtumba yenye lenzi ya kuvuta mbali. Nyingi hazikuwa nzuri. Kubwiro hupenda kukaa juu, katikati ya majani, na simu ikivutwa sana huleta doa la manjano na matawi. Lakini kwa kazi ya namna hii, picha mbaya yenye tarehe ya kweli ina manufaa kuliko picha nzuri isiyo na tarehe, na tarehe ndizo zilizotuchelewesha.

Zile alizotumiwa na shangazi yake kwa WhatsApp hazikufaa. Programu hiyo huondoa maelezo yanayofichwa ndani ya picha, pamoja na siku na saa ya kupigwa, kisha simu inayopokea huandika siku ya kupokea. Picha moja iliyokuwa imekaa katika fungu la Septemba ilikuwa ya Juni. Ilijulikana tulipomwomba shangazi afungue simu yake mwenyewe. Watu wengi wanaokusanya kumbukumbu za ndege kwa simu hawalijui hili, nao huishia kuwa na mgeni wa Oktoba aliyepigwa picha Machi.

Kamera ilikuwa na ugonjwa wake. Saa yake iliwahi kuharibika betri ilipotolewa, na kijana hakukumbuka kama aliirekebisha vizuri. Tukatafuta ndani ya kadi picha ya siku isiyobishaniwa. Ikapatikana: watoto wamesimama mlangoni kwa kanzu mpya, asubuhi ya Idi-ul-Fitri, ambayo mwaka 2024 iliangukia 10 Aprili. Kamera iliandika tarehe 9. Tukaongeza siku moja kwa picha zote za kadi hiyo. Kosa la siku moja lisingeleta madhara, ila kosa la mwezi lingeharibu kesi yote, na kabla ya kufungua picha ya Idi hatukuwa na njia ya kujua tuna lipi kati ya hayo.

Kichwa, jicho, bawa

Wa kwanza kutolewa walikuwa kwera. Picha kadhaa za "ndege wa manjano" zilikuwa za kwera, wenye mdomo mfupi, mnene, mweusi, na viota vilivyoning'inia kwenye makuti ya mnazi wa jirani. Kubwiro ni mkubwa zaidi, sentimita 20 na kitu mpaka 25, na mdomo wake akishakomaa ni mrefu, mwekundu wa kufifia.

Kubwiro kichwa-kijani, Oriolus chlorocephalus, naye alitoka mapema. Hapa Kenya anajulikana zaidi kwa misitu ya Shimba Hills, Kwale, na kutoka Mtongwe vilima hivyo si mbali. Lakini ni ndege wa msitu, kichwa na mgongo vyote kijani, na hakuna picha hata moja iliyomkaribia.

Wakabaki wenye kichwa cheusi na wenye kichwa cha manjano. Kichwa cheusi hakina ubishi: ni Oriolus larvatus, weusi umefunika kichwa chote na kushuka kooni mpaka juu ya kifua. Dume na jike wanafanana, kwa hivyo hakuna haja ya kujiuliza jinsia. Kazi iko kwenye kichwa cha manjano, maana hapo kuna ndege wawili walio karibu sana kwa ukoo na kwa sura. Madume wao wote wawili ni manjano ya kuwaka, wote wana mdomo mwekundu, wote wana weusi usoni.

Tofauti ya kwanza ni urefu wa weusi huo. Kwa dume la kubwiro wa Ulaya, Oriolus oriolus, weusi unaanzia kwenye mdomo na kuishia jichoni. Kwa kubwiro dhahabu wa Afrika, Oriolus auratus, unapita jicho na kuendelea nyuma, kama wanja uliovutwa nje ya kope. Tofauti ya pili ni bawa lililokunjwa. La yule wa Ulaya ni jeusi karibu lote, na kipande kidogo cha manjano. La yule wa Afrika lina kingo pana za manjano, kiasi kwamba ukiangalia haraka unaona ndege wa manjano mwenye michirizi myeusi, si ndege wa manjano mwenye bawa jeusi. Kwa picha za simu, bawa lilitusaidia zaidi kuliko jicho. Jicho hupotea kivulini. Bawa jeusi dhidi ya mwili wa manjano huonekana hata picha ikiwa imetikisika.

Jike ni habari nyingine. Majike wa aina zote mbili wamefifia, ukijani umechanganyika na manjano, na yule wa Ulaya ana tumbo jeupe-jeupe lenye michirizi. Wachanga wa Ulaya wanafanana na majike. Katika fungu la Oktoba na Novemba hao wa kijani ndio waliokuwa wengi, na kijana alikuwa amewaandika wote "ndege asiyejulikana".

Tulipozipanga kwa miezi, jibu lilijitokeza lenyewe. Wenye kichwa cheusi walikuwako kila mwezi bila kukosa. Wa Ulaya walitokea Oktoba, Novemba na mwanzo wa Desemba, wakapotea, kisha wakatokea tena mwisho wa Machi na siku za kwanza za Aprili. Wa Afrika walianza Aprili, wakawa wengi Mei, Juni na Julai, wakapungua Agosti. Januari na Februari hapakuwa na kichwa cha manjano hata kimoja, wala Septemba. Babu alikuwa akimuona ndege wa manjano mwaka mzima kwa sababu kuna ndege watatu wanaopokezana miti yake, na mmoja kati yao haondoki.

Alichokijua babu

Babu hakukubali hapo hapo, na sababu yake haikuwa ya kupuuzwa. Alisema ndege hubadilisha nguo. Kichwa kinaweza kuwa cheusi wakati mmoja na cha manjano wakati mwingine, na akatoa mfano wa kwera: dume huvaa rangi kali wakati wa kujenga viota, kisha huchujuka mpaka unamdhania jike. Hilo ni kweli kwa kwera wa aina kadhaa. Mtu aliyeishi na kwera mlangoni akifikiri kubwiro naye hufanya hivyo, ametumia akili.

Kilichoiangusha nadharia hiyo ni picha moja ya Mei, mbaya kabisa kwa uzuri, jua likiwa nyuma. Kwenye mkuyu, tawi la juu, kichwa cheusi. Chini yake kidogo, akiwa amepinda shingo kufikia tunda, kichwa cha manjano chenye wanja mrefu. Siku moja, mti mmoja, fremu moja. Kama kichwa kingekuwa kinageuka kwa msimu, wawili hao wasingekutana wakiwa wamevaa tofauti. Na kubwiro kichwa-cheusi aliyekomaa hana nguo ya msimu. Kichwa chake ni cheusi Januari na ni cheusi Agosti.

Kulikuwa na picha nyingine iliyomfurahisha babu, na kwa haki. Ilikuwa ya ndege mwenye kichwa cha kahawia ya kiza, kimechorwa michirizi ya manjano, na mdomo wake bado mweusi. Huyo ni kinda wa kichwa-cheusi. Mdomo mwekundu huja baadaye. Kinda wa namna hiyo maana yake ni kwamba wazazi walijenga hapo hapo au jirani, kwa hivyo kuhusu huyo mmoja babu ana haki kamili: ni mwenyeji wa Mtongwe, amezaliwa Mtongwe, wala hana mpango wa safari. Hata mluzi ambao babu huusikia mwaka mzima kwa sehemu kubwa ni wake. Wa Ulaya wakipita huku aghalabu hunyamaza. Nyimbo zao wanaziweka kwa ajili ya kaskazini.

Alichokikosa mjukuu

Kosa la kijana ni kubwa zaidi kwa maoni yangu, ingawa alikuwa na kitabu mkononi. Alifundishwa kwamba ndege mhamaji ni ndege wa Ulaya. Waongoza watalii wengi wa Pwani wamefundishwa hivyo hivyo, labda kwa sababu mgeni wanayemhudumia naye anatoka huko na hufurahi kusikia habari za kwao. Matokeo yake ni kwamba ndege anayetoka kusini, kwa njia yake mwenyewe na kwa kalenda yake mwenyewe, hana mahali pa kuandikwa.

Kubwiro dhahabu anayekuja Pwani ya Kenya ni wa kundi la kusini. Huzaliana katika misitu ya miombo na nyika zenye miti kuanzia Tanzania kushuka Zambia, Zimbabwe na Angola, kuanzia Agosti au Septemba mpaka mwisho wa mwaka. Mvua za huko zikiisha na kipupwe kukaribia, viwavi, ambavyo ndivyo chakula chake kikubwa pamoja na matunda, hupungua. Wakati huo huo huku kwetu masika inaanza. Aprili, Mei na Juni ndiyo miezi ambayo Mombasa ina majani mabichi kuliko yote, na penye majani mabichi pana viwavi. Anayetaka kumwita mgeni na amwite, lakini kutoka Harare mpaka Mombasa ni kama kilomita 1,800 kwa mstari ulionyooka, na hajavuka bahari wala jangwa. Swali la babu lina jibu lake hapo: mwezi wa saba ndege huyu anakimbia ukame na baridi ya kusini. Ulaya haimo kabisa katika safari yake.

Wala si yeye peke yake. Pita wa Afrika, ndege wa chini msituni mwenye mgongo wa kijani na tumbo jekundu, huzaliana kusini na huja kwenye misitu ya Gede na Arabuko-Sokoke majira hayo hayo ya Kusi. Upande wa pili yuko keremkerem mwekundu wa kaskazini, ambaye huzaliana kwenye nyika za chini ya Sahara mpaka Ethiopia, na huonekana Pwani yetu kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Machi. Ndege hao wote hawajawahi kutia mguu Ulaya. Afrika ina uhamaji wake wa ndani, mkubwa, na Mombasa iko katikati ya njia za kwenda na kurudi.

Huyo wa Ulaya naye, jina lake linampotosha mtu. Hufika kaskazini mwisho wa Aprili au Mei, hujenga kiota chake cha kuning'inia kwenye panda ya tawi, hulea, na Agosti wengi wameshaanza kuondoka. Miezi mitatu, minne. Iliyobaki yuko Afrika au yuko njiani. Mtongwe anapita tu: Oktoba mpaka Desemba akishuka kuelekea kusini na katikati ya bara, Machi na Aprili akipanda. Ndiyo maana Januari picha zilikuwa tupu. Wakati huo wengi wao wako huko huko kusini ambako kubwiro dhahabu ameshamaliza au anamaliza kulea.

Watu wengi hudhani ndege hawa hufuata upepo, na kwa mtu wa Mombasa wazo hilo linakuja lenyewe. Kaskazi likianza kuvuma, wa Ulaya wanashuka. Kusi likianza, wa kusini wanapanda. Mpaka hapo hesabu inakubali. Ila Agosti na Septemba kubwiro dhahabu anarudi kusini na Kusi bado liko, linatoka kule kule anakokwenda. Upepo unaweza kumrahisishia au kumchosha, lakini kinachomtoa ni kiota kinachomngoja na mvua zitakazoleta viwavi vya kulishia makinda.

Babu aliuliza nani huwaonyesha njia wale wachanga wa kijani wa Oktoba, ambao ndiyo safari yao ya kwanza. Ndege wachanga wa aina nyingi husafiri bila wazazi. Huzaliwa na mwelekeo na kiasi cha safari ndani yao, na hujipima kwa jua, kwa nyota na kwa uga wa sumaku wa dunia. Mholanzi mmoja, A. C. Perdeck, alitoa mwaka 1958 matokeo ya kuwakamata maelfu ya kwezi wa Ulaya waliokuwa wakipita Uholanzi na kuwapeleka Uswisi kabla ya kuwaachia. Wakubwa walirekebisha njia wakaelekea walikozoea. Wachanga waliendelea na mwelekeo ule ule waliozaliwa nao, wakaishia Ufaransa na Hispania. Mwelekeo ni wa kuzaliwa. Kujua mahali ni kwa kwenda.

Na wanakwenda usiku, ndiyo maana hakuna mtu wa Likoni aliyewahi kuwaona wakifika. Asubuhi wapo tu mtini. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 watafiti wamekuwa wakitumia taa za hoteli na ukungu wa Novemba na Desemba, ambavyo kwa pamoja huwashusha wasafiri wa usiku, kuwakamata, kuwavisha pete na kuwaachia. Mamia ya maelfu ya ndege wamepitia mikononi mwao. Anga hiyo hiyo ya usiku ndiyo inayopita juu ya kivuko cha Likoni.

Chungwa kwenye mforsadi

Kuna jambo la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Kabla sijaitwa, kijana alikuwa ametafuta kubwiro kwenye intaneti kwa jina la Kiingereza, oriole, akaletewa ndege wa rangi ya machungwa na nyeusi, na maelekezo ya kumvuta kwa nusu ya chungwa iliyopigiliwa msumari mtini. Akafanya hivyo kwenye mforsadi. Walikuja sisimizi, kisha kunguru.

Ndege huyo, oriole wa Baltimore, na jamaa zake wa Marekani ni wa familia nyingine kabisa, Icteridae, haihusiani na makubwiro wetu. Wazungu waliofika Marekani walimpa jina hilo kwa kufananisha rangi na ndege waliowaacha kwao. Naye ni mhamaji, ila safari yake ni ya upande ule: huzaliana Marekani na Kanada, na baridi ikiingia hushuka mpaka Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Chungwa anapenda kweli. Kwa makubwiro wa Mtongwe, chungwa la nini na mkuyu umejaa?

Hao kunguru nao wana sehemu katika kesi. Kunguru wa Bara Hindi, kurabu, yuko Mombasa tangu miaka ya 1940, akiwa ametangulia kuletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka. Hula mayai na makinda ya ndege wengine. Kubwiro wa Ulaya na kubwiro dhahabu hawajengi Mombasa, kwa hivyo wanachopata kwa kunguru ni kufukuzwa tawi moja hadi jingine. Anayepoteza watoto ni kichwa-cheusi, yule mwenyeji. Babu akisema ndege wake ni wale wale wa siku zote, kuna hatari asione kama mmoja wa watatu anapungua, maana manjano ya wengine wawili yataendelea kujaza miti.

Na mkuyu wenyewe ulikuwa na kesi. Mizizi yake ilikuwa imeanza kusogea kwenye shimo la choo, na mtoto mkubwa wa mzee alikuwa ameshazungumza na mtu wa msumeno. Katika picha tulizozipanga, mkuyu ndio ulioonekana miezi mingi kuliko mti mwingine wowote, na aina zote tatu zilikuwa juu yake wakati mmoja au mwingine. Forsadi hudumu wiki chache. Mkuyu huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na hata tunda likikosekana majani yake yana wadudu. Mwisho wa mazungumzo, ambayo hayakunihusu, yalikatwa matawi yaliyolalia paa, na shimo jipya likachimbwa upande wa pili wa nyumba. Sijui ni makubwiro walioamua au ni bei ya kuuangusha mti mkubwa kiasi kile.

Picha ya Aprili

Aprili ndio mwezi mgumu. Ni tanga mbili, Kaskazi linakufa na Kusi halijashika, na makubwiro nao ni hivyo hivyo: wa mwisho wa Ulaya bado wanapanda, wa kwanza wa kusini wameshafika. Kalenda, iliyotusaidia Julai na Novemba, hapo haisemi chochote. Ni manyoya tu.

Madume wa Aprili tuliwamaliza wote. Wawili wa bawa jeusi katika siku za kabla ya Idi, na baada ya hapo wenye wanja mrefu. Ilibaki picha moja ya siku mbili baada ya Idi: ndege wa kijani-manjano, amejificha nusu nyuma ya jani la mwembe, mdomo unaonekana, jicho liko kivulini, bawa limefunikwa. Kijana alitaka aandikwe kubwiro dhahabu kwa sababu waliofuata walikuwa hao. Nilikataa. Waliofuata hawawezi kumtolea ushahidi. Kwa jike, ningehitaji kuona kama nyuma ya jicho kuna mstari, hata wa kufifia, au kingo za manjano kwenye bawa, au tumbo: jeupe lenye michirizi iliyokolea lingempeleka Ulaya. Jani la mwembe limeficha vyote.

Kumbukumbu nyingine kijana alizipeleka kwenye Kenya Bird Map, mradi unaogawanya nchi kwa miraba ya kama kilomita 9 kwa 9, ili mraba wa Mtongwe uwe na aina zake na tarehe zake. Kichwa-cheusi aliingia kwa miezi yote, pamoja na yule kinda. Wa Ulaya na wa Afrika waliingia kila mmoja kwa miezi yake. Ndege wa tarehe 12 Aprili alibaki kwenye daftari la nyumbani, ameandikwa "kubwiro, jike au mchanga, aina haikutambulika", na babu ameshasema mwaka ujao mwezi huo mwembe utapunguzwa majani upande wa barazani.